Oda za usiku zimekauka, kodi ipo palepale: Usiitupe kalamu bado

Huenda unamjua mtu wa aina hii, au ni wewe mwenyewe. Umemaliza chuo, shahada imo ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, na kazi uliyosomea haijaonekana. Rafiki akakuingiza kwenye kazi ya mtandaoni, ile ya kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Akaunti ni ya kukodi. Oda zinaingia saa nne za usiku, wakati Marekani bado ni mchana, na kufikia saa kumi na moja alfajiri umeshamaliza kurasa nane kuhusu uuguzi, au kuhusu sera za maji za jimbo ambalo hujawahi kulikanyaga.

Kazi hiyo ililipa kodi za bedsita nyingi Juja, Kahawa Wendani, Njoro na Eldoret. Ilisomesha wadogo zetu, ikanunua ng'ombe kijijini. Kufikia mwaka wa 2019 ilikuwa imekua kiasi kwamba gazeti la New York Times lilifanya taarifa ndefu kuihusu, Kenya ikitajwa kama mojawapo ya vitovu vyake. Tuseme ukweli pia: ilikuwa kazi ya kumsaidia mtu kumdanganya mwalimu wake. Wengi walioifanya walilijua hilo, wakaendelea kuandika kwa sababu mwenye nyumba hapokei maadili tarehe tano.

Kisha, Novemba 30, 2022, ChatGPT ikaingia sokoni. Mwanafunzi wa ng'ambo aliyekuwa akilipa dola kadhaa kwa ukurasa akagundua anaweza kupata insha nzima bure kabla chai haijapoa. Oda zikaanza kukauka. Kuna kejeli kidogo hapa: Januari 2023, jarida la TIME liliripoti kwamba vibarua waliosaidia kuchuja lugha chafu ili programu hiyo iwe na adabu walikuwa Wakenya, jijini Nairobi, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Yaani tuliisaidia mashine kujifunza adabu, kisha ikaja kukaa kwenye kiti chetu.

Tangu hapo nimesikia vijana wengi wenye kipaji wakisema neno moja: "Uandishi umeisha, bana." Na hapo ndipo ninapokataa. Hebu angalia vizuri ni uandishi gani uliopata kipigo. Ni ule usiokuwa na jina. Insha zile hazikuwahi kuwa zako. Hakuna hata moja unayoweza kumwonyesha mtu ukasema, hii niliandika mimi. Aliyezinunua ndiye aliyetia jina. Mashine imekuja kuchukua kazi ambayo tayari ilikuwa imekunyima jina. Hadithi yako ya kubuni, ile uliyoianza kidato cha tatu ukaiacha kwenye daftari la hisabati, hiyo hakuna aliyeichukua. Ipo. Inakungoja wewe.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila mama wa Kenya hulijua. "Sawa, lakini hiyo story yako italipa stima?"

Haitalipa. Afadhali nikuambie mapema, kwa kuwa wale wahamasishaji wa TikTok hawatakuambia: uandishi wa kubuni hautakununulia tokeni mwaka huu, na pengine hata mwaka ujao. Ukiamua kwamba hadithi isipoleta pesa kufikia Desemba unaiacha, basi utaiacha. Wanaoacha sana ni wale walioipa hadithi changa mzigo wa kulipa kodi. Mtoto wa miezi sita hatumwi dukani.

Ndiyo maana napenda kuwatazama waliotutangulia walikuwa wakila nini. Shaaban Robert, ambaye shule zetu zimemgeuza kuwa picha ya ukutani, aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka wa 1926 akiwa bado kijana, akaifanya kazi hiyo ya serikali ya mkoloni hadi 1944. Mashairi aliyaandika akiwa mtu wa ofisi, mtu wa mafaili. Ken Walibora, aliyetuandikia Siku Njema mwaka wa 1996, alikuwa mwalimu, akawa mtangazaji wa runinga, akawa mhadhiri wa chuo kikuu. Riwaya zake zilipatikana katikati ya hizo kazi zote. Mohammed Ghassani, mshairi kutoka Pemba, ni mwanahabari wa idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle kule Ujerumani. Mashairi yanaandikwa taarifa za habari zikishasomwa. Na ukiwa msichana unayesoma haya huku mtoto amelala mgongoni, mtazame Toni Morrison wa Marekani: alikuwa mhariri katika kampuni ya Random House, akiwalea wanawe wawili peke yake, akawa anaandika alfajiri kabla hawajaamka. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1970 akiwa na miaka 39.

Yupo pia Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka wa 1969, akiwa na miaka 22, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kijitabu alichokiita Kenya: Twendapi? Aliandika mashairi gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, na mwaka wa 1973 yakatoka kwa jina Sauti ya Dhiki. Serikali iliyomfunga ilikuwa ya Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1974, diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta! Historia ina utani wake. Simtaji ili ujione mvivu kwa kuwa wewe una daftari na kalamu na bado huandiki. Namtaja kwa sababu ya karatasi. Aliandika kwenye alichokuwa nacho.

Ulicho nacho wewe ni simu.

Bado kuna watu wanaoamini kwamba mwandishi wa kweli anahitaji kipakatalishi, meza karibu na dirisha na nyumba iliyotulia. Ukingoja nyumba itulie katika ploti yenye milango kumi na minne, jirani akiwa na spika mpya, utangoja hadi uzeeni. Nchini Japani, miaka ya mwanzo ya 2000, vijana walianza kuandika riwaya kwa vidole gumba kwenye simu zile za kubonyeza, wengi wakiwa safarini kwenye treni. Wakubwa wa fasihi waliwacheka. Mwaka wa 2007, riwaya 5 kati ya 10 zilizouzwa zaidi nchini humo zilikuwa zimeanzia kwenye simu.

Sisi hatuna treni nyingi, lakini tuna foleni. Mtu wa Rongai au Githurai anaijua foleni kuliko anavyoijua sebule yake. Chukua maneno 150. Huo ni urefu wa ujumbe mmoja wa WhatsApp unaomtumia mtu mliyegombana naye, na ujumbe huo unauandika kwa dakika kumi bila hata kushusha pumzi. Sasa andika maneno 150 ya hadithi kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili pumzika. Kwa wiki 50 unapata maneno 45,000. Hiyo ni riwaya. Labda ni riwaya mbaya, iliyojaa matope, lakini matope yanaweza kufinyangwa. Kurasa tupu hakuna mhariri anayeweza kuzihariri.

Mambo madogo ya simu yanasaidia kuliko unavyodhani. Kibodi ya Gboard inakijua Kiswahili. Ingia kwenye mipangilio uongeze lugha, na itaacha ile tabia ya kugeuza "hata" kuwa neno la Kizungu lenye kofia. Tangu 2017 Google pia hupokea Kiswahili kwa sauti, kwa hivyo unaweza kuisimulia simu ukifua nguo au ukimenya viazi, ingawa itakosea majina, na Sheng itaichanganya kabisa. Nyingine ni usalama. Nairobi tunaijua: simu iliyoko dirishani mwa matatu ni mali ya anayepita nje. Kila Jumapili jitumie maandishi yako kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu utanunua nyingine kwa mkopo. Sura ya saba haiuzwi Luthuli.

Kuhusu kusoma sitasema mengi. Wachuuzi wa vitabu vya mitumba wametandaza magunia katikati ya jiji, na maktaba za umma zipo katika kaunti nyingi. Ukisema huna muda wa kusoma lakini umemaliza misimu mitatu ya filamu za Kikorea, basi hilo ni lako.

Turudi kwa mashine, maana haitaondoka. Kijana mmoja anaweza kuniuliza: kama mashine inaandika insha, si itaandika na hadithi? Inaandika, tena haraka. Februari 2023, jarida la Clarkesworld la Marekani, linalochapisha hadithi za kubuni za kisayansi, lililazimika kufunga mlango wa kupokea kazi kwa muda kwa sababu lilifurikwa na hadithi zilizotungwa na programu za Akili Unde. Kilichowachosha wahariri hakikuwa ubora wake. Ilikuwa wingi, na namna zilivyofanana.

Kwa Kiswahili kufanana huko kunaonekana hata zaidi. Iombe programu ikutungie hadithi ya mapenzi, kisha isome kwa sauti. Utakuta binti ambaye "moyo wake uliruka pigo" na kijana aliyehisi "mzigo ukiondoka mabegani". Sarufi ni safi. Ngeli zimekaa sawa, pengine kuliko zako. Lakini hayo si maneno ya mtu wa Kisauni wala wa Kakamega. Ni Kizungu kilichovaa kanzu. Mashine imesoma maandishi mengi mno ya Kiingereza na machache ya Kiswahili, na hayo machache mengi ni tafsiri.

Haijakaa stejini saa moja jioni. Wewe umekaa. Umemsikia makanga akiapa "wawili, twende!" na ukiingia unakuta viti tisa vitupu. Umewaona wale watu wanaolipwa kukaa ndani ya matatu ili ionekane inajaa; gari likikaribia kuondoka wanashuka mmoja mmoja, wanaingia la nyuma. Umewahi kujiuliza mtu kama huyo humwambia nini mkewe akirudi nyumbani? Kutwa nzima amepanda magari na hajaenda popote. Akili yake ikoje? Anaota kusafiri? Ana kiti anachokipenda? Hiyo ni hadithi fupi iliyokamilika, na ukiwa umeishi mtaani unayo nusu yake tayari kichwani. Sikio hilo ndilo mtaji wako. Ukilifunga kwa visikizi kuanzia Kasarani hadi mjini kila siku, unajiibia.

Mimi si miongoni mwa wanaosema usiiguse kabisa hiyo teknolojia. Itumie kukagua tahajia, kukueleza masharti ya shindano, kukusaidia kuandika barua kwa mchapishaji. Mstari ninaouchora uko kwenye sentensi za hadithi yenyewe. Ukiiruhusu ikuandikie aya moja kwa sababu umechoka, kesho itaandika tatu, na baada ya mwezi mmoja utakuwa umerudi palepale ulipokuwa na zile insha: maandishi mengi, jina lako halimo. Zaidi ya hayo, sikio lisipotumika huwa butu. Sijui namna ya kulinoa isipokuwa kuandika vibaya, kusoma kwa sauti, kufuta na kuandika tena.

Basi tuseme umeandika. Unapeleka wapi?

Usianze na riwaya. Kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili zimewalea malenga wengi, na ukiona shairi lako limechapishwa, mizani zake zikiwa sawa na jina lako na mji wako chini yake, utaelewa kwa nini wazee wetu waliyakata mashairi yao wakayahifadhi pamoja na cheti cha ndoa. Hadithi fupi nayo ina soko lake la aina yake hapa Kenya. Mikusanyo kama Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine au Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, iliyoingia shuleni kama vitabu teule, imekusanya waandishi wengi ndani ya jalada moja. Wahariri wa mikusanyo huwa wanatafuta hadithi. Waulize wachapishaji, fuata kurasa zao za mitandaoni, nenda kwenye maonyesho ya vitabu ya Nairobi hata kama mfukoni una nauli tu. Kutazama na kuuliza ni bure.

Ukiwa na mswada mrefu, ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka wa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Uzuri wake ni kwamba inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa hivyo huhitaji kumjua mtu yeyote. Walipotuzwa washindi wa mwanzo mwaka wa 2015, Anna Samwel Manyanza kwa riwaya na huyo Ghassani niliyemtaja kwa ushairi, kila mmoja alipata dola 5,000. Binyavanga Wainaina naye alishinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002 kwa hadithi iliyotoka kwenye jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi wetu tulidhani intaneti ni ya kutuma barua pepe tu. Baada ya hapo akaanzisha Kwani? na kuwafungulia wengine mlango.

Wengine wanachagua kujichapishia, na hilo si geni pia. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, akaviuza vijitabu vyake vya bei nafuu kwa makarani na mahamali wa Nairobi huku wasomi wakimsuta. Leo wapo wanaouza hadithi sura kwa sura kwenye WhatsApp: sura tatu za kwanza bure, ya nne ukishatuma pesa kwa M-Pesa. Inafanya kazi kama una nidhamu ya kutoa sura kila Ijumaa bila visingizio. Jua tu kwamba wasomaji watasambaza sura zako kwa wenzao bure, na hutaweza kuwakimbiza wote. Ukiamua kuchapisha kitabu cha karatasi, nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS.

Jambo la mwisho ndilo linalowaumiza vijana wengi, kwa hiyo vumilia nilieleze polepole. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya hadithi yako inaanza pale unapoiandika, hata kwenye simu. Huhitaji muhuri. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima, lakini husaidia mkifikishana mahakamani.

Haki hiyo unaweza kuiuza kwa sahihi moja. Mchapishaji akitaka kitabu chako, uliza kama analipa mrabaha au ananunua kazi mara moja. Mrabaha mara nyingi huwa karibu asilimia 10. Kama kitabu ni Sh500 na asilimia hiyo inahesabiwa kwa bei ya dukani, unapata Sh50 kwa kila nakala. Ikihesabiwa kwa pesa zinazobaki baada ya duka kuchukua lake, ni pungufu ya hapo. Uliza ni ipi. Anayekupa Sh10,000 mkononi leo ili umwachie hadithi milele anaweza kuonekana mkombozi, hasa kodi ikiwa imechelewa wiki mbili. Lakini fikiria kitabu kikiingia shuleni. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, na mwaka huo wa 2022 pekee watahiniwa walizidi 800,000. Aliyeuza mara moja hapati hata senti ya mwaka wa pili.

Soma pia vifungu vya nyuma, vile vya maandishi madogo: nani ana haki ya kutafsiri, ya kusoma kwa sauti redioni, ya kutengeneza filamu. Na siku hizi kuna swali jipya ambalo mikataba ya zamani haikulijua, yaani kama mchapishaji anaruhusiwa kuitoa hadithi yako itumike kuifunza mashine. Kama mkataba haulitaji, omba liandikwe kabla hujatia sahihi.